Mbolea ya ruzuku na shamba la kukodi: jina la nani linapaswa kuwa kwenye sajili?

Mkulima wa Rongai, Nakuru

Salamu kwenu wakulima wenzangu. Naomba mawazo ya wanaoufahamu vizuri mpango wa mbolea ya ruzuku, hasa wale waliowahi kuandikisha wakulima au kuhudumu katika vyama vya ushirika na maghala.

Ninalima mahindi na maharagwe kwenye ekari nne huku Rongai, Kaunti ya Nakuru. Ekari moja ni yangu, niliyogawiwa na baba, na tatu zilizosalia nimezikodi kutoka kwa mtu anayeishi mjini ambaye, kwa muda wote niliomfahamu, hajawahi kupanda chochote katika shamba hilo. Wazee wa mtaa walipopita kutuandikisha mwaka 2023, waliuliza kila mmoja wetu shamba lake lina ukubwa gani. Nilijibu ekari moja, kwa kuwa ndilo shamba langu na ndivyo nilivyoulizwa. Mwenye shamba naye aliandikishwa kwa upande wake, na zile ekari tatu zikaingia chini ya jina lake pamoja na nambari yake ya simu.

Tangu wakati huo, ujumbe wa vocha unaonifikia mimi huniruhusu kununua mbolea ya ekari moja tu, ilhali ujumbe wa ekari tatu ninazolima kwa jasho langu huingia katika simu ya mtu asiyelima. Mwanzoni alikuwa akiniachia mifuko yake kwa bei ile ile ya ghala, nami nilimshukuru kwa moyo wote. Baadaye alianza kuongeza pesa juu ya kila mfuko. Msimu uliopita aliiuza yote kwa mfanyabiashara kabla hata hajaniarifu, nikalazimika kununua mbolea ya kupandia dukani kwa bei ya soko, mvua ikiwa imeshashika na majirani wamemaliza kupanda. Sitaki ugomvi naye, maana akitaka anaweza kulikodisha shamba kwa mtu mwingine mwaka ujao, na mashamba ya kukodi huku kwetu yana wateja wengi.

Ninachotaka kujua ni kama sheria au utaratibu wa mpango huu unamruhusu mtu anayekodi aandikishwe kwa ekari anazolima, au kama ni lazima kwanza awe na hatimiliki. Na ikiwa inaruhusiwa, ninaanzia wapi bila kumfanya mwenye shamba adhani kwamba ninamnyemelea? Wapo pia wanaoniambia niachane na jambo hili kwa sababu nauli na usafirishaji kutoka ghalani humaliza faida yote, nami ningependa kusikia hesabu za wengine kuhusu hilo.

Karani wa zamani wa ushirika, Lugari

Ndugu yetu wa Rongai, ahsante kwa kuliweka wazi jambo ambalo wengi hulinung'unikia pembeni. Nilihudumu kwa muda mrefu katika chama cha ushirika cha wakulima huku Lugari, Kaunti ya Kakamega, na swali hili lilikuwa likiletwa mezani kwetu kila ulipokaribia msimu wa kupanda.

Yafaa tuanze na jinsi ruzuku yenyewe inavyofanya kazi, kwa sababu watu wengi huidhania kuwa ni pesa ambazo serikali humlipa mkulima. Pesa hizo hazipiti mkononi mwake. Mpango wa sasa ulipoanza Septemba 2022, baada ya bei ya dunia kupanda kwa sababu ya vita vya Ukraine, mfuko wa kilo 50 uliokuwa ukiuzwa zaidi ya shilingi 6,000 madukani uliuzwa kwa wakulima kwa shilingi 3,500, na mnamo Agosti 2023 bei hiyo ikashushwa hadi 2,500. Tofauti kati ya bei hiyo na gharama halisi hulipwa na serikali kuu, na mkulima hulipa sehemu yake kwa simu kisha akachukua mifuko katika ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao, yaani NCPB, au katika kituo kilichoidhinishwa karibu naye, ambacho mara nyingi huwa ni chama cha ushirika kama kilivyokuwa chetu. Kwa hiyo ruzuku ni haki ya kununua kwa bei ya chini, na haki hiyo hufungamanishwa na mambo yaliyo kwenye sajili: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, mahali, zao, na ukubwa wa eneo linalolimwa. Sajili hiyo ndiyo watu wa wizara huiita KIAMIS.

Sasa tazama neno hilo la mwisho: eneo linalolimwa. Hii ni sajili ya wakulima, wala haina nguvu yoyote juu ya umiliki wa ardhi. Hakuna aliyeombwa hatimiliki katika kijiji chetu, na kama ingeombwa, nusu ya watu wa Kakamega wangebaki nje, kwa sababu mashamba mengi bado yana majina ya babu waliokwisha kufariki. Tatizo lilitokea katika namna maswali yalivyoulizwa mlangoni. Mzee wa mtaa aliyeuliza "shamba lako ni ekari ngapi" alipata jibu la umiliki, na yule aliyeuliza "unalima ekari ngapi msimu huu" alipata jibu la kilimo, kisha majibu yote mawili yakaandikwa katika safu moja kana kwamba yana maana moja. Hapo ndipo wanaokodi walipopotelea, na si kwa kosa lao.

Kuhusu mahali pa kuanzia, nenda kwa naibu wa chifu pamoja na afisa wa kilimo wa wadi, ukiwa na kitambulisho, simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, na maandishi ya makubaliano ya kukodi. Usisubiri Machi. Wakati huo ofisi hujaa watu ambao ujumbe wao haujafika, na hakuna mwenye nafasi ya kurekebisha ekari zako. Januari ndio mwezi wa kwenda. Waeleze kwamba hukuja kuomba mifuko ya ziada, umekuja kusahihisha taarifa zako, na tumia maneno hayo hayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa taarifa zake zisizo sahihi zinazohifadhiwa na ofisi yoyote. Ukipewa ahadi zisizoisha, andika barua ya kuomba kuonyeshwa taarifa ulizoandikiwa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21, na ikinyamaza una haki ya kupeleka malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman. Nimewaona watu wakihudumiwa haraka kwa sababu tu walikuja na barua yenye tarehe, nakala moja ikabaki mkononi mwao ikiwa imepigwa muhuri.

Upande wa mwenye shamba ni mgumu zaidi, kwa sababu ekari zile zile zikionekana chini ya majina mawili, afisa ataona ni udanganyifu na huenda akawazuia nyote wawili. Bila yeye kukubali kupunguziwa ekari hizo kwenye sajili, utakuwa unasukuma mlango uliofungwa kwa ndani.

Mama wa Chavakali, Vihiga

Mimi nitasema kidogo tu, kwa sababu karani amefafanua vizuri, lakini kuna kundi ambalo halijatajwa na ambalo jambo hili linaliumiza kuliko hata wanaokodi.

Huku Vihiga mtu mwenye ekari nzima huhesabiwa kuwa na shamba kubwa. Wanaolima ni wanawake, na wengi wetu tunalima ardhi yenye jina la mume, la baba mkwe, au la marehemu. Uandikishaji ulipofika kwetu, mzee wa mtaa aliandika majina ya wanaume wenye boma, hata wale wanaofanya kazi Nairobi na Mombasa na kurudi Krismasi. Mwenzangu mmoja ni mjane, na shamba analolima liliandikwa jina la shemeji yake. Alikaa misimu akimwomba shemeji ujumbe wa vocha kama anayeomba chumvi, wakati yeye ndiye anayelima, anayepalilia na kuvuna. Alipochoka alikwenda kwa naibu wa chifu, akaambiwa asubiri kwanza kesi ya urithi iishe. Jibu hilo halikuwa sahihi, kwa sababu zilizotajwa hapo juu: urithi ni suala la mahakama na umiliki, na mbolea ni suala la nani analima. Alirudi mara ya pili akiwa na wanawake wa chama chetu, tukaeleza kwa heshima lakini bila kurudi nyuma, na akaandikishwa kwa jina lake na simu yake. Nawasihi wajane wanaosoma hapa wasikubali kuambiwa wasubiri mahakama.

Jambo la simu nalo lisipuuzwe. Akina mama wengi wazee hutumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watoto wao, na ujumbe ukija humkuta kijana yuko Eldoret, naye anaufuta akidhani ni matangazo. Laini isajiliwe kwa kitambulisho cha yule anayelima.

Kuhusu usafiri, ndugu wa Rongai, wanaokwambia faida huisha njiani wanasema kweli kwa mtu anayekwenda peke yake kuchukua mfuko mmoja. Nauli ya kwenda, siku nzima ya foleni, bodaboda ya kubeba mfuko hadi nyumbani, na wakati mwingine unaambiwa aina unayoitaka imekwisha na urudi kesho. Sisi tulianza kwenda kama chama. Tunakubaliana siku, tunalipia kila mtu vocha yake, wachache wanakwenda na gari moja la kukodi, na gharama inagawanywa kulingana na mifuko. Mwenye robo ekari hashiriki hasara ya mwenye ekari mbili. Wenye vipande vidogo sana hununua mfuko mmoja kwa wawili na kuugawa kwa mizani ya duka. Kwa njia hiyo hesabu inakubali.

Afisa wa kilimo mstaafu, Kitale

Nimefuatilia mazungumzo haya kwa makini, na ningependa kuongeza sababu mbili zinazofanya jina kwenye sajili liwe jambo zito kuliko tunavyolichukulia.

Mtakumbuka yaliyotokea Machi na Aprili 2024, ilipogunduliwa kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa chini ya mpango huu haikuwa na mbolea ya viwango vinavyotakiwa. Shirika la Ubora wa Bidhaa liliingilia kati, Bunge la Taifa likajadili hoja ya kumwondoa waziri wa kilimo wa wakati huo, na kamati maalum ikaamua mwezi wa Mei kwamba madai dhidi yake hayakuthibitishwa. Sitaingia katika siasa yake. Kinachotuhusu ni kwamba serikali iliahidi kuwafidia wakulima waliouziwa mifuko hiyo. Fikirini fidia ya namna hiyo inavyoweza kumfikia mtu: kwa kutazama kumbukumbu za mauzo. Mkulima aliyenunua kwa jina lake anaonekana. Aliyeinunua mifuko hiyo kutoka kwa mwenye shamba, au kwa mfanyabiashara aliyeinunua kwa mwenye shamba, haonekani popote, ijapokuwa mahindi yaliyobaki manjano ni yake. Ndiyo maana nawashauri wote watunze risiti na ule ujumbe wa malipo, na kuhifadhi mfuko wenyewe na gramu chache za mbolea hadi mavuno yatoke. Mfuko una jina la aina na tarehe, na bila hivyo malalamiko yako ni maneno matupu mbele ya maabara.

Sababu ya pili inahusu kile unachonunua. Ruzuku ni bei moja kwa aina nyingi za mbolea, na hapa wakulima wengi hupoteza bila kujua. Mfuko wa DAP, ile mbolea ya kupandia, wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti, kwa sababu tarakimu za 18 na 46 zilizoandikwa juu yake ni asilimia. Mfuko wa 23:23:0 una kilo 11.5 za kila kimoja. Mfuko wa 17:17:17 una kilo 8.5 za naitrojeni, 8.5 za fosfeti na 8.5 za potasi. Ukifika ghalani ukakuta DAP imekwisha, ukachukua 17:17:17 na kuipanda kwa kipimo kile kile ulichozoea, umeupa mmea fosfeti iliyo pungufu ya nusu ya ile ya kawaida, na mizizi itakuambia hivyo kabla ya wiki ya nne. Hii haina maana kwamba mbolea hiyo ni mbaya. Katika mashamba yaliyopungukiwa na potasi inaweza kuwa bora zaidi. Ina maana kwamba kipimo hubadilika, na kwamba mtu ambaye ekari zake zimeandikwa pungufu hana mifuko ya kutosha kurekebisha kipimo hicho.

Kwa wenzetu wa Kakamega, Vihiga, Siaya na Uasin Gishu, nasisitiza pia uchachu wa udongo. Maeneo mengi huko yana udongo wenye pH, yaani kipimo cha uchachu, iliyo chini ya 5.5, na katika hali hiyo sehemu kubwa ya fosfeti hushikwa na udongo kabla mmea haujaifikia, huku DAP ikitumiwa mwaka baada ya mwaka ikizidi kuuchachusha. Chokaa ya kilimo huwekwa mapema, wiki kadhaa kabla ya kupanda, na kiasi chake hujulikana kwa kupima udongo. Mtu anayekodi shamba kwa msimu mmoja hupata shida hapa, kwa kuwa faida ya chokaa huonekana kwa miaka kadhaa, na hakuna anayetaka kumtengenezea mwingine udongo. Hilo nalo ni la kuzungumza na mwenye shamba mnapoandikiana: mkikubaliana miaka miwili badala ya mmoja, chokaa huanza kuwa na maana kwako, na yeye anarudishiwa shamba lenye afya kuliko alilokupa.

Mkulima wa mpunga, Ahero

Nakubaliana na mengi yaliyosemwa, lakini naona tunamfundisha mkulima jinsi ya kuzunguka tatizo ambalo waliotunga mpango wangeliondoa wenyewe.

Historia inatuonyesha kwamba kulikuwa na njia nyingine. Kuanzia mwaka 2007, mpango wa serikali wa pembejeo ulioitwa NAAIAP ulikuwa na sehemu iliyoitwa Kilimo Plus, ambamo mkulima maskini alipewa vocha ya mbegu na mbolea za ekari moja na kuikomboa katika duka la pembejeo la karibu naye. Aliyelengwa alijulikana, kiwango kilijulikana, na mwenye duka wa kijijini alipata biashara. Sambamba na hilo, serikali iliuza mbolea ya bei nafuu kupitia NCPB, na huko waliofaidika zaidi walikuwa wale wenye magari, mashamba makubwa na marafiki ghalani. Mwaka 2020 yakaja majaribio ya vocha ya kielektroniki katika baadhi ya kaunti, tena kupitia maduka ya kibinafsi. Leo tuna vocha ya kielektroniki, jambo jema, lakini tumeirudisha ghalani, na akina mama wa Chavakali wanakodi gari kufuata kitu ambacho duka la Chavakali lingeweza kuwauzia.

Tena, Katiba ya mwaka 2010 ilizipa serikali za kaunti kazi ya kilimo na kuiachia serikali kuu sera. Afisa wa wadi anayejua nani analima wapi ni wa kaunti. Chifu na mzee wa mtaa walioandikisha ni wa serikali kuu. Ndiyo sababu mkulima husukumwa kutoka ofisi hii hadi ile, kila mmoja akisema kwamba marekebisho hufanywa na mwenzake.

Kwamba sajili inaweza kumfuata mlimaji, sisi wa Ahero ni mashahidi. Skimu yetu ya umwagiliaji ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na ardhi ya skimu si mali ya mkulima mmoja mmoja. Hakuna kati yetu anayeonyesha hatimiliki ya majaruba yake, na bado ofisi ya skimu inajua nani analima jaruba lipi, kwa sababu maji na huduma za msimu hugawiwa kwa mlimaji. Orodha husahihishwa kila mtu anapobadilika, maana asiyekuwa kwenye orodha hapati maji. Ikiwa inawezekana kwetu, inawezekana Rongai, mradi kila mwanzo wa mwaka watu waulizwe upya wanalima nini na wapi, badala ya kutegemea majibu ya mwaka 2023 kana kwamba mashamba hayabadilishi mikono.

Sisemi ruzuku ifutwe, kama wanavyosema baadhi ya watu mjini. Mfuko wa 2,500 umewarudisha kwenye mbolea watu waliokuwa wamekata tamaa mwaka 2022. Lakini shilingi ya umma inayoishia kwa mtu anayeuza vocha haikuzalisha hata gorogoro moja ya mahindi, na hilo lazima lisemwe hadharani, katika vikao vya maoni ya bajeti ambavyo kaunti zetu huitisha na sisi hatuendi.

Mkulima wa Rongai, Nakuru

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimeyasoma majibu haya nikiwa pamoja na mke wangu, na tumekubaliana kwamba nitakwenda kwa afisa wa wadi Januari, na kwamba tutatafuta wanne au watano wa kushirikiana nao gari. Hesabu ya fosfeti imenifungua macho, kwa sababu msimu mmoja nilifanya jambo hilo hilo la kubadilisha aina bila kubadilisha kipimo, na hakuna aliyenieleza ghalani.

Jana nilizungumza na mwenye shamba kwa simu, kwa upole. Hakukataa, lakini alieleza hofu yake waziwazi, nami naiheshimu. Anasema ameshasikia habari za watu waliokaa katika shamba la mwingine hadi wakapewa na mahakama, na kwamba jina langu likiandikwa na serikali juu ya ekari zake, watoto wake watakuja kukuta shamba limekwenda. Nimjibu nini ambacho ni cha kweli na si cha kumbembeleza tu?

Karani wa zamani wa ushirika, Lugari

Mjibu kwa heshima kwamba hofu yake ina msingi katika sheria, ila haimhusu mtu aliyekodi. Mahakama humpa mtu ardhi ya mwingine kwa kuikalia pale anapokuwa ameishikilia waziwazi kwa miaka 12 bila idhini ya mwenyewe. Anayelima kwa kulipa kodi yuko pale kwa idhini, na kila malipo unayofanya ni ushahidi kwamba unamtambua kuwa ndiye mwenye shamba. Kwa hiyo makubaliano ya maandishi, ambayo huenda naye anayaogopa, ndiyo yanayomlinda kuliko ahadi za mdomo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inatambua ukodishaji wa muda mfupi usiozidi miaka miwili hata ukiwa wa maneno, lakini maneno hayatamsaidia yeye wala wewe siku mtakapotofautiana.

Katika karatasi hiyo andikeni majina yenu na nambari za vitambulisho, nambari ya kiwanja, ekari, kiasi cha kodi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kisha ongezeni sentensi mbili. Ya kwanza iseme kwamba kwa muda wa makubaliano haya, mkodishwaji ndiye atakayeandikishwa kama mkulima wa ekari hizo kwa ajili ya pembejeo za serikali, na kwamba uandikishaji huo haumpi haki yoyote ya umiliki. Ya pili iseme kwamba muda ukiisha bila kuongezwa, mkodishwaji ataomba ekari hizo ziondolewe kwenye jina lake. Sainini mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa upande wake na mmoja wa upande wako, na ikiwezekana mbele ya naibu wa chifu, kwa kuwa ndiye mtakayemwendea kwa ajili ya marekebisho. Tengenezeni nakala tatu na kumwachia moja.

Kama bado ana wasiwasi, mpendekezee muda wa mwaka mmoja kwanza, hata kama chokaa itasubiri. Na lipa kodi kwa simu badala ya pesa taslimu, ili kila mmoja awe na kumbukumbu ya malipo kwa jina lake.